Jitazame Mgongoni

Kuna watu kwetu Wete, Pemba, mpaka leo wakinikuta njiani hawanipi hata salamu. Wananiambia tu, "Jitazame mgongoni." Nikikaa barazani, muuza kahawa hunizunguka kwanza, akachungulia nyuma yangu, ndipo anamimina. Basi nimeona nieleze hadithi hii mwenyewe, maana kila anayeihadithia huongeza lake, na ile ya karibuni kabisa niliyoisikia ina ngalawa ndani yake. Hapakuwa na ngalawa.

Nilikuwa nasomea ustawi wa jamii, chuo kikanipeleka Unguja kufanya mafunzo ya vitendo kwenye nyumba ya kulelea watoto. Nyumba siitaji, mtaa siutaji, na watoto nitawaita kwa majina ya utani tuliyowapa sisi, kwa sababu majina yao ni yao. Mama alinifungia kapu la mkate wa kumimina na halua kana kwamba nahamia Maskati. Kwake yeye ukishapanda meli pale Mkoani umekwenda ng'ambo, basi. Nikampigia simu kumtuliza kwamba nimeshafika salama kwa ami, nyumba yake ipo Ng'ambo, ile mitaa ya mjini Unguja ukivuka tu Darajani. Akaanza kulia. "Si nilisema!"

Nilikwenda na shati jeupe na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, nimeikariri kama juzuu. Nilidhani nitapewa meza na mafaili. Nikapewa beseni. Na sheria ile ni nzuri, sina ubaya nayo, ina mpaka Mahkama ya Watoto, lakini nimeipekua yote sikuona kifungu kinachosema mtoto akikataa kubeua umfanye nini.

Chumba cha watoto wachanga kilikuwa na vitanda vinane, kila kitanda na chandarua chake. Mdogo kuliko wote alikuwa na miezi miwili, mkubwa ana kumi na moja. Palikuwa na Nahodha, aliyelala mikono juu kama kashika usukani. Palikuwa na Bi Harusi, hacheki na mtu. Palikuwa na Kadhi: huyu anakutazama bila kupepesa, anakusikiliza mpaka umalize maneno yako yote, halafu anatoa hukumu, na hukumu inabidi uioshe. Na palikuwa na Sheha. Miezi saba, kilo nane na ushei. Tulimwita Sheha, kama kiongozi wa mtaa, kwa kuwa chumba kile kilikuwa shehia yake, halipiti jambo bila idhini. Yeye akilala wanalala. Yeye akilia, hata aliyekuwa hana shida anakumbuka kwamba anayo.

Kazi ya usiku ni chupa. Maji yachemke, yapoe kidogo, kijiko kimoja cha mle ndani ya kopo kwa kila mililita 30, kijiko kiwe sawasawa, usikishindilie wala usikijaze kichuguu. Unatikisa. Unadondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani. Likiunguza, ngoja, usipolisikia, mpe. Na chupa aliyoiacha mtoto haiwekwi akiba, ikipita saa moja inamwagwa. Hapo ndipo nilipopata tabu. Mie ni mtoto wa shamba la mikarafuu, nimelelewa kuokota hata makonyo, vile vikonyo vya karafuu, leo namwaga maziwa? Wiki ya kwanza niliyanywa. Mama mlezi, yule niliyekuwa naye zamu, akaniona. Hakusema kitu. Alichukua daftari la malisho, akaandika chini ya majina ya watoto: "Saa sita, mwanafunzi, mililita 60."

Palikuwa na mgeni pia, msichana wa Kiholanzi aliyekuja kujitolea kwa miezi mitatu, akilala chumba cha uani. Alifundishwa kwao kwamba shikamoo ni salamu ya heshima, na yeye ni mtu wa heshima, basi kila asubuhi anapita kitanda baada ya kitanda, anainama: "Shikamoo, Nahodha. Shikamoo, Kadhi." Mama mlezi akamwelekeza kwamba shikamoo hutolewa na mdogo kwa mkubwa. Mgeni akafikiri, kisha akasema, "Lakini hapa wakubwa ni wao." Hakuelekezwa tena.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Nahodha na Bi Harusi walikuwa wamechomwa asubuhi yake chanjo ya wiki ya 14, mapaja yanauma, hawataki kushikwa na hawataki kuachwa. Sheha naye anaota jino. Mama mlezi akaniuliza, "Utaweza peke yako mpaka saa nane, ndipo uniamshe?"

"Mama, mie wa kwanza kwa ndugu tisa."

"Haya."

Haya ya Unguja ina maana nyingi. Ile sikuipenda.

Saa nne umeme ukakatika, feni zikasimama. Najua kuna watakaosema wao walikaa kiza miezi mitatu mizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja yote, na hawakufa. Sawa. Lakini hawakuwa na Sheha. Alipiga kelele moja tu, kama king'ora cha meli, na shehia nzima ikaitika.

Nikabeba, nikabembeleza, nikapepea kwa kifuniko cha boksi la pampasi. Saa sita nikapiga chupa nane kwa tochi ya simu, na simu ikazima chaji kwenye chupa ya saba. Wote wakatulia isipokuwa mmoja. Kila nikimlaza Sheha anafumbua jicho moja, ananitazama, anafungua mdomo. Hapo nikafanya kama mama alivyokuwa akifanya: nikavuta kanga kwenye kamba ya nguo, nikainama, nikamlaza mgongoni, nikazungusha, nikakaza fundo kifuani. Hakumaliza hata dakika mbili, kichwa kikaniangukia begani, kisha kikateremka chini kidogo, pumzi zikawa ndefu.

Naomba hapa mnielewe jambo moja. Mgongo wangu umekulia kwenye polo, yaani gunia. Tangu nina miaka kumi, kila msimu, nateremsha polo la karafuu mbichi kutoka shamba mpaka njiani. Kilo nane kwa mgongo kama huo ni shati.

Nikakaa juu ya kigoda, nikaweka kipaji cha uso kwenye ukingo wa kitanda cha Kadhi, nikajiambia nafumba macho dakika tano.

Niliposhituka saa ya ukutani, kwa mwanga wa mbalamwezi, ilikuwa inakaribia saa tisa. Nikaruka. Nikapita vitandani kwa kupapasa. Nahodha yupo. Bi Harusi yupo. Kadhi yu macho, ananitazama. Nikafika kitanda cha Sheha, nikapapasa mto, nikapapasa shuka, nikapapasa godoro lote mpaka mbao. Hamna mtu.

Msomaji, najua ushajua. Nyamaza basi. Mie sikujua.

Nilitafuta chini ya vitanda vyote vinane. Nilitafuta kwenye tenga la nguo chafu, nikatoa nepi moja moja, na zile nepi hazikuwa za kutolewa moja moja. Nilitafuta kabati la pampasi. Nilifungua friji. Sina la kujitetea kuhusu friji.

Kumwamsha mama mlezi sikuthubutu, kwa ajili ya wale ndugu tisa. Nikamkimbilia mlinzi. Huyu sote tulikuwa tukimwita Babu, mzee wa makamo na tochi kubwa ya betri tatu. Nikamwambia amepotea mtoto. Akaja nami mpaka mlangoni, akasimama pale pale kizingitini, mie nimeshaingia mbele nimeinamia kitanda cha kwanza, akazungusha tochi chumba kizima huku akihesabu kwa sauti.

"Wanane. Wako sawa, mwanangu. Kalale."

"Babu, saba."

"Wanane."

"Hebu ingia uhesabu kitanda kwa kitanda."

Akaingia. Tochi ni yake, basi yeye mbele mie nyuma. Akamulika ndani ya kila chandarua, polepole, mpaka cha mwisho. Saba. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo. Saba. Nikasikia pumzi zake zinabadilika.

"Sasa hivi walikuwa wanane."

"Ndiyo nnakwambia!"

"Hapana, hunielewi. Mie nimewaona *wanane*." Akageuka, akanimulika usoni. "Kijana, wewe wa wapi vile?"

"Wete."

"Ahaa."

Ile ahaa nimeisamehe lakini sijaisahau. Mzee alianza Ayatul Kursi palepale, kwa sauti, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, tochi hajaitoa usoni kwangu. Nami nikaisoma pamoja naye, nimfanyeje, nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Tukatoka uani. Geti limefungwa, kufuli yake, funguo kiunoni kwake. Yeye mbele na tochi, mie nyuma kizani. Tukatazama kisima, mfuniko upo na jiwe juu yake. Tukatazama nyuma ya matangi. Kisha nikamwomba amulike juu ya mwembe. Mtoto wa miezi saba, asiyeweza kukaa bila kuwekewa mito pembeni, namtafuta juu ya mwembe.

Na kichwani nilikuwa nishaanza kuandika barua kwa mkuu wa nyumba. Kwa yeyote aliyesoma shule za kwetu, ukipatwa na balaa, barua hujiandika yenyewe. *Yah: Kupotea kwa Sheha. Husika na kichwa cha habari hapo juu.* Nilikwama hapo. Baada ya "hapo juu" sikuwa na habari. Nikawa nalia, nasema kweli, nalia kimya kimya nikijifuta kwa ncha ya kanga, na hata hapo sikujiuliza ile kanga imefika vipi kifuani kwangu.

Mlango wa chumba cha uani ukafunguka. Mgeni akatoka amevaa tochi ya kichwani kama mchimba kisima. Akatukuta tunatazama mwembe.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," Babu akajibu. "Lakini tumefikwa na msiba."

Yeye akanizunguka, akasimama nyuma yangu, akainama.

"Shikamoo, Sheha."

Nikamwambia, bila kugeuka, na machozi yananitoka, "Sheha hayupo."

"Yupo," akasema. "Ananitazama."

Na kabla sijajibu, Sheha mwenyewe akatoa ushahidi: akabeua beuo la mtu mzima aliyeshiba, akanicheulia shingoni maziwa ya saa sita. Yakateremka ndani ya shati jeupe mpaka kiunoni. Yalikuwa ya uvuguvugu mzuri tu. Ningeyapima kwenye kifundo cha mkono, yangefaa.

Babu akanishika mabega mawili kama fundi cherehani, akanigeuza, akamulika. Kimya. Kisha nikamsikia anasoma maandishi ya kanga, herufi moja moja, kama mtoto wa chuo cha Kurani:

"Ja-po... si-pa-ti... ta-maa... si-ka-ti."

Hakuweza kusimama tena. Alikaa juu ya jiwe la kisima, kofia ikaanguka, tochi ikaanguka, anapiga paja na kusema "yaa Rabbi, yaa Rabbi" mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitika. Sheha akafurahi, akaanza kupiga kelele zake za furaha, ambazo hazina tofauti na za hasira. Shehia ikaamka. Mama mlezi akatoka amejifunga kanga, akanikuta nimesimama katikati ya ua nanuka maziwa, mtoto mgongoni, mzee chini, Mholanzi anauliza "tamaa" maana yake nini.

"Saa tisa hii," akasema mama mlezi. "Chupa ziko wapi?"

Asubuhi mkuu wa nyumba, Bi Mkubwa, akaniita ofisini. Mezani palikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la malisho, na mwandiko wa mama mlezi niliujua: "Saa tisa, chupa zimechelewa dakika 25. Sababu: hisabu." La pili lilikuwa daftari la geti. Babu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa kulala, mzuri kweli:

"Saa 8:50 usiku, mtoto 1 amepotea. Saa 9:10, mtoto 1 amepatikana. Mahali alipopatikana: mgongoni kwa mtafutaji. Hali ya mtoto: nzuri. Hali ya mtafutaji: wastani."

Ni Babu huyo huyo, bwana wa ahaa, ambaye baadaye nilikuja kujua kwamba mkewe ni mtu wa Wete.

Bi Mkubwa alisoma lile la geti mara mbili. Mara ya pili alijiziba mdomo kwa mtandio, akatazama dirishani kwa muda, mabega yanamtikisika. Kisha akakaza uso.

"Geuka," akaniambia.

Nikageuka.

"Haya. Leo huna kitu. Nenda kaogeshe watoto."