Fomu ya Septemba 2010

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kuwa makocha wa futiboli ya Kimarekani vyuoni huwaficha mambo maofisa wa kanuni, yaani wafanyakazi wa chuo wanaosimamia ufuataji wa kanuni za michezo, kwa sababu huwaona kama polisi. Nakubali kwa kiasi, ila namkumbusha kisa cha Jim Tressel, kocha wa chuo kikuu cha Ohio State, Marekani, aliyearifiwa kwa baruapepe mwezi Aprili 2010 kwamba wachezaji wake walikuwa wakitoa vifaa vya timu ili wachorwe tatuu, jambo lililokatazwa na kanuni, akanyamaza, kisha Septemba akatia saini fomu ya kuthibitisha kwamba ameripoti kila ukiukaji anaoujua. Alijiuzulu Mei 2011. Alijitetea kwamba alichelea kuvuruga upelelezi wa serikali, hoja nisiyoidharau. Lakini ofisa wa kanuni aliyeipokea fomu ile angemlindaje kwa jambo asiloambiwa?