Nani Alikuwa Anakutengenezea Hii Gari?

Gari langu lina bei tatu, inategemea kalamu iko mkononi mwa nani. Siku ya kulipia bima ni laki tisa, tena laki tisa safi. Siku ya kudai fidia, Mungu aepushe, litakuwa chuma chakavu. Na siku nikiingia nalo gereji halina bei kabisa. Fundi analizunguka akitikisa kichwa, anashangaa nimefikaje hai kutoka Donholm.

Ni Toyota Fielder ya 2012, nyeupe, kama yale mengine yote mnayoyaona asubuhi yamesimama Outering Road. Gari lenyewe sina neno nalo. Linawaka, linaenda, linarudi. Shida ni wanaokula kupitia kwalo.

Tuanze na wakala wa bima. Huku kwetu hakuna mtu anayemtafuta wakala, wakala ndiye anayekupata. Wangu yuko chama kimoja cha akiba na mke wangu, kwa hivyo kumkataa ni kukosana na nyumba mbili kwa mpigo. Mwaka mzima hajui kama bado napumua. Bima ikibakisha siku mbili kuisha, simu inalia: "Baba Junior! Siku nyingi! Watoto hawajambo?" Nikisikia watoto wamejuliwa hali, najua ni elfu thelathini na ushee.

Na hizo siku mbili, ndugu zangu, haziji hivi hivi. Akikupigia mwezi mmoja kabla, utapata nafasi ya kuzunguka kuuliza bei kwingine. Akikupigia siku mbili kabla, akili yako yote iko kwa trafiki wa kesho asubuhi. Sheria, ile Sura ya 405, inataka kila gari barabarani liwe na bima, angalau ile ya thadi pati, inayomlipa uliyemgonga, si gari lako. Cheti nacho siku hizi ni cha kidijitali, huwezi tena kubandika karatasi iliyofifia kwenye kioo ukaomba jua lisaidie. Mkopo wa mdomo hakuna: hujalipa, hujakingwa. Basi unalipa huku unatetemeka, na mtu anayetetemeka haulizi maswali.

Siku hizi namtangulia. Mwezi mmoja kabla, mimi ndiye ninayepiga simu. Mara ya kwanza alishtuka mpaka akauliza kama kuna msiba.

Akanitumia karatasi. Thamani ya gari, laki tisa. Asilimia nne. Ada, 36,000. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimelipa kwa asilimia tatu na nusu, yaani 31,500.

"Mbona imepanda, mama?"

"Ni ushuru, Baba Junior. Si unajua hii serikali."

Nairobi ukitaja serikali, mazungumzo huwa yameisha. Kila mtu anaguna, anatikisa kichwa, anatoa pesa. Lakini mimi simu yangu ina kalkuleta. Nikapiga hesabu ya serikali yote iliyomo kwenye ile karatasi. Tozo ya mafunzo, asilimia 0.2: shilingi 72. Mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikianguka, asilimia 0.25: shilingi 90. Ushuru wa stempu: shilingi 40. Jumla 202. Nikamwambia, serikali nimeiona, imechukua ya chai na mandazi ikaenda zake. Hii elfu nne na mia tano nyingine imeenda kwa nani?

Kimya. Nikasikia kuku wake wakilia huko nyuma.

Sitetei serikali, jamani. Mwaka 2024 ilijaribu. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kuanzia elfu tano hadi laki moja, na ungelipia hapo hapo unapokata bima. Kwangu ingekuwa 22,500 juu ya ile 36,000. Nchi ikapiga kelele, kodi ikaondolewa na mswada wenyewe ukarudishwa kabatini. Lakini wakala wangu bado huitaja kwa sauti ya huzuni, mtu anafikiri ilipita na yeye ndiye anayenilipia.

Basi tukaja kwenye hiyo laki tisa. Laki tisa iliandikwa siku niliponunua gari. Tangu hapo limepita juu ya matuta ya Donholm, limeoga mvua, limebeba godoro juu ya paa, limegongwa kisigino na bodaboda, na thamani haijashuka hata shilingi. Binadamu hata akila vizuri huzeeka, lakini gari langu kwenye makaratasi ya bima linaendelea kuwa bichi.

"Tuache tu ile ya zamani," akasema. "Hakuna haja ya kukusumbua na mambo ya valuesheni."

Nilipoona hataki kunisumbua, nikajua hapo ndipo penye pesa. Nikaenda. Kijana wa valuesheni akapiga picha nne pembe zote, akasoma namba ya chesisi, akafungua mlango, akafunga, akasikiliza mlio wake, akaandika 780,000. Asilimia nne ya hapo ni 31,200. Gari lile lile, asilimia ile ile, kuna elfu nne na mia nane zilizokuwa zikiendesha Fielder ambayo haipo. Na msifikiri ajali ikitokea ningelipwa laki tisa. Kampuni inakulipa bei ya sokoni ya siku ile, tena inaitafuta kwa bidii ambayo hukuiona siku ya kukuuzia.

Lakini msizidishe ujanja vilevile. Kuna jirani yangu alijiona msomi, gari la laki nane akaliandika laki nne ili alipe nusu. Likagongwa, gharama ya kulitengeneza ikaja laki moja. Kampuni ikamwambia, mzee, wewe uliweka bima nusu ya gari, nasi tunalipa nusu ya hasara. Elfu hamsini, kisha eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ikatolewa humo humo. Mwingine ana Vitz iliyochoka. Kila akishusha thamani anaambiwa kuna ada ya chini kabisa, hawashuki hapo hata ulete baiskeli. Huyo nilimshauri akate thadi pati tu, aendeshe kwa adabu.

Kisha kuna vile vipande vya pembeni, vimeandikwa kwa herufi za sisimizi chini ya karatasi. Kinga ya eksesi: hiyo nikaibakiza, kwa sababu eksesi yenyewe ilikuwa asilimia 2.5 ya thamani, kama 19,500, na sina mahali pa kuitoa siku ya mkosi. Kinga ya ghasia za kisiasa: nayo nikaibakiza. Nafanya kazi karibu na Moi Avenue, njia ya maandamano. Gari la kutumia langu likiwa gereji: futa, kuna matatu. Bima ya ziada ya redio: futa haraka. Redio yenyewe mpaka leo inaniongelesha Kijapani na masafa yake yanaishia 90, stesheni nyingi za Nairobi sizipati. Atakayeiiba ndiye anayehitaji kufidiwa.

Mwisho nikauliza kama kuna punguzo la mtu ambaye hajawahi kudai hata shilingi. Lilikuwepo.

"Na mbona hukuniambia miaka yote hii, mama?"

"Hukuuliza."

Sasa mtoke hapo mnifuate gereji. Mimi nimekwenda kubadilisha oili. Oili na filta, nirudi nyumbani nitazame mpira. Lakini fundi wa Nairobi hawezi kukuona umeshika funguo akakuacha uende na hasara moja. Anafungua boneti. Anainama. Anapiga mluzi.

Huo mluzi ni elfu tano. Akiupiga mara mbili, pigia mke simu.

Kisha linakuja lile swali. Kila fundi wa mji huu anauliza, wa chini ya mwembe na wa gereji yenye vigae na kahawa ya bure: "Mkubwa, nani alikuwa anakutengenezea hii gari?" Usijibu. Hakuna jibu sahihi. Ukimtaja fundi mwingine, utahubiriwa nusu saa jinsi alivyoharibu. Nami siku moja nilijibu, "Ni wewe." Akaangalia tena ndani, akasema, "Aah, basi ni barabara zetu."

Orodha ikaanza. Bushi zimeisha. Maunti ya injini imekatika. Shokamzoba zinavuja. Plagi zibadilishwe. "Na belti ya taiming, bosi, hiyo ikikukatikia Thika Road injini imeenda."

"Fundi," nikamwambia, "injini hii ni 1NZ. Haina belti ya taiming. Ina cheni."

Akanitazama kidogo. "Nilikuwa nakujaribu," akasema.

Si kila kitu ni wizi, nitasema ukweli. Bushi huku huisha kweli, mashimo yetu si ya kuonea haya. Breki sibishani nazo kamwe. Na mtu anayekaa saa mbili kwenye foleni ya Jogoo Road injini ikinguruma, asidanganywe na kilomita zilizoandikwa kwenye kile kikaratasi cha sevisi; injini imefanya kazi hata kama gurudumu halijazunguka. Ninachokataa ni kununua plagi za iridiamu kila sevisi wakati hizo huhesabiwa kwa kilomita laki moja, na kulipishwa leba ya filta ya AC. Mnajua ile filta iko wapi? Nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi. Unabana mbavu zake, kinashuka, unachomoa filta imejaa majani na nywele, unaingiza nyingine. Dakika mbili na huchafuki hata kidole. Mtoto wangu ndiye anayeifanya.

Halafu kuna habari ya oili. Kopo ni la lita nne. 1NZ ukiibadilishia na filta inakunywa lita 3.7. Ile iliyobaki huenda wapi? Fundi hulisukuma kopo chini ya benchi kwa mguu, taratibu, bila kuangalia, huku anakuuliza habari za Gor Mahia. Magari kumi kwa siku ni lita tatu, hiyo ni sevisi karibu nzima ya gari la mtu, na ninashuku ni la fundi. Siku niliyosema, "Kopo langu nipe niende nalo," alinitazama kama nimeomba figo.

Na spea. Zamani ningempa fundi pesa akanunue mwenyewe, maana yeye ndiye anayejua. Sasa naenda Kirinyaga Road mwenyewe, ile wazee bado wanaiita Grogan. Siku moja nilienda nimevaa koti kuukuu, mikono ina grisi kwa sababu nilikuwa nimechomoa breki pedi za zamani kuja nazo kama sampuli. Mwenye duka akazigeuza, akatoa mpya, akaniuliza kama nataka ya Taiwan au jenuini. Jenuini. "Elfu moja na mia nane," akasema. Fundi wangu alikuwa ameniambia elfu tatu na mia tano.

Akavuta kitabu cha risiti, akalamba kidole, akainamia kaunta: "Niandike ngapi, fundi?"

"Vipi ngapi?"

"Kwa risiti. Tatu na nusu, au mteja wako ni mgumu?"

"Andika elfu moja na mia nane."

Kalamu ikasimama. Akanitazama koti, akanitazama viatu. Viatu vilikuwa vya ofisini. "Kwani wewe si fundi?"

"Mimi ndiye mteja mgumu."

"Aa, pole mzee. Hiyo basi ni elfu mbili na mia tano."

Tulibishana mpaka tukaelewana, lakini funzo la viatu nilibeba. Sasa nina jozi kamili ya kwenda Grogan, na mke wangu ameikataza kuingia sebuleni. Fundi naye namlipa leba tu, tunakubaliana kabla spana haijashikwa, na kila kilichochomolewa nakitaka mkononi mwangu. Ananiita Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mimi naitika.

Wiki jana wakala alikuja nyumbani kwa mambo ya chama. Tukamalizia bima hapo hapo kwenye kochi: thamani mpya, punguzo ndani, redio nje, M-Pesa ikalia. Akanitazama jinsi nilivyokuwa nikijipangusa jasho baada ya kupigania shilingi mia tatu, akashusha kikombe cha chai.

"Na wewe mwenyewe, Baba Junior, una bima ya mazishi?"

Nikamwuliza kama thamani ya hiyo nayo hushuka kila mwaka kama ya gari.

"Hapana," akasema, tayari anatoa fomu kwenye mkoba. "Hiyo ukizeeka ndiyo bei hupanda."