Rishikesh: jiko limelindwa, mto bado

Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya mayai. Katika miji ya Haridwar, Rishikesh na Muni ki Reti, iliyopangana kando ya Mto Ganges, katazo la kuuza nyama na samaki lilikuwa limeongezwa mayai. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani kulalamika kwamba wamenyimwa haki ya kutafuta riziki. Majaji hawakukubaliana nao. Walisema wengi wanaofika pale wamekuja kuhiji na hawali vitu hivyo, miji yenyewe inaishi kwa mahujaji hao, na anayetaka kuuza mayai anaweza kwenda kuyauzia nje ya mipaka ya mji.

Naikumbuka kesi hiyo kila mjadala kuhusu Rishikesh unapozuka upya, maana ndani yake mna swali lote: mji mtakatifu unalindwaje, na unalindwa dhidi ya nani?

Rishikesh iko katika jimbo la Uttarakhand, pale ambapo mto wanaouita Mama Ganga unatoka milimani na kuingia tambarare. Ndiyo njia ya mahujaji wanaopanda kwenda kwenye mahekalu manne ya milimani: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Kingo zake zimejaa ashramu, makao ya watawa na wanafunzi wao. Siku hizi zimejaa pia boti za mpira za wapenda kasi ya maji, mikahawa ya wageni, na shule zinazotoa cheti cha ualimu wa yoga kwa masomo ya saa 200, kazi isiyofika hata mwezi. Kuna wanaosema mji umeuzwa. Na kuna wanaouliza, bila biashara hiyo vijana wa pale wangekula nini?

Wa kwanza wana hoja, na si ya kupuuzwa. Jua likikaribia kuzama katika ashramu ya Parmarth Niketan, wavulana waliovaa manjano hukaa kwenye ngazi zinazoteremka mtoni na kuimba. Kisha taa za shaba zenye ndimi nyingi za moto huinuliwa na kuzungushwa kuelekea majini. Mama aliyetoka mbali hushika kibakuli cha majani ya mti, ndani yake mna maua na utambi. Anauwasha, anachutama, anakisukuma kwa ncha za vidole, na maji yenye ubaridi wa theluji yanakichukua. Huenda amelisubiri jambo hilo miaka mingi. Pembeni yake mtu anamwelekezea simu usoni bila hata kuomba ruhusa. Anayesema kuna kitu kinavunjwa pale hazushi.

Lakini wanaosema wageni wamevamia wanasahau nani aliyewafungulia mlango. Swami Sivananda, daktari aliyekuwa akifanya kazi Malaya, alifika Rishikesh mwaka 1924, akatibu maskini bure, na mwaka 1936 akaanzisha shirika lake la kiroho, Divine Life Society. Alikusudia mafundisho yavuke mipaka: aliandika vitabu vingi sana kwa Kiingereza, na mwaka 1957 alimtuma mwanafunzi wake Vishnudevananda kwenda kufundisha Magharibi. Maharishi Mahesh Yogi naye alikuwa ameshazunguka dunia akihubiri tafakuri yake kabla The Beatles, bendi maarufu ya Uingereza, hawajamfuata kwenye ashramu yake mwezi Februari 1968. Ashramu hiyo leo imo ndani ya hifadhi ya Rajaji, magofu yaliyovamiwa na msitu, na tangu mwishoni mwa 2015 watu hulipa kiingilio kuyaona. Sitetei kila shule ya yoga yenye bango barabarani; zipo zinazouza karatasi tu. Ila mgeni aliyeitwa hawezi kugeuzwa mvamizi kwa sababu wamekuja wengi kuliko ilivyotarajiwa.

Biashara ya boti ndiyo iliyopelekwa mahakamani zaidi. Mwaka 2015 baraza la kitaifa la kesi za mazingira lilizuia kambi za mahema za wapanda boti kwenye fukwe za mchanga kati ya Kaudiyala na Rishikesh, na baadaye likataka zikae angalau mita 100 kutoka mtoni. Naliunga mkono kabisa: choo cha kuchimbwa mchangani hakina nafasi ukingoni mwa mto wowote, achilia mbali huu. Juni 2018 Mahakama Kuu ya jimbo ikasimamisha boti zenyewe mpaka serikali iweke utaratibu. Hapo nawaonea huruma waongoza boti. Garhwal, eneo la milima lililo juu ya mji, linakimbiwa na watu wake. Sensa ya 2011 ilikuta vijiji zaidi ya 1,000 vya Uttarakhand havina mkazi hata mmoja. Kijana anayeujua mto huo tangu utotoni na kulipwa kwa ujuzi wake ni mmoja wa wachache waliopata sababu ya kubaki karibu na nyumbani. Boti ya mpira ikipita majini haiachi uchafu. Uchafu unaachwa na kambi, magari na wanywaji, na hao wanaweza kuwekewa sheria bila kumnyang'anya kijana kasia lake.

Tena mzigo mkubwa wa mji huu si wa wageni wa yoga. Mwezi wa Sawan, kati ya Julai na Agosti, waumini wa mungu Shiva humiminika kuchota maji ya Ganga, na umati wao hupitia hapa kupanda hekalu la Neelkanth. Haja ya muumini na haja ya mtalii huingia bomba lile lile. Kwa hiyo habari iliyonifurahisha kuliko hukumu zote ni ya Septemba 2020, ilipozinduliwa mitambo ya kusafisha maji taka: ule wa Lakkadghat, wenye uwezo wa lita milioni 26 kwa siku, na ule wa Chandreshwar Nagar, wa ghorofa nne kwa kukosa ardhi, lita milioni 7.5. Hakuna anayekwenda kuipiga picha, lakini inaulinda mto kuliko katazo la mayai.

Zaidi ya maji taka kuna jambo zito zaidi, nalo ni maji yenyewe. Machi 2017 Mahakama Kuu ya jimbo ilitamka kwamba Ganga na mto mwenzake Yamuna wana haki kama watu mbele ya sheria. Serikali ya jimbo ilikata rufaa, ikiuliza nani atawajibika mto ukifurika na kuua. Kumbukumbu ya mafuriko ya Juni 2013, yaliyoua maelfu jimboni, ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Julai, Mahakama ya Juu, ile ile iliyolinda jiko, ikaisimamisha hukumu.

Mwaka uliofuata G. D. Agarwal, mhandisi wa mazingira aliyekuwa amevaa joho la utawa kwa jina la Swami Sanand, alifunga kula akitaka Ganga itungiwe sheria na mabwawa ya umeme yasitishwe kwenye vijito vyake vya juu. Alifariki tarehe 11 Oktoba 2018, siku ya 111 ya mfungo, akiwa na miaka 86, katika hospitali iliyoko Rishikesh hapo hapo. Umeme unahitajika, na watu wa milimani wana haki nao kama sisi. Lakini mtu aliyekuwa katibu wa kwanza wa bodi ya taifa ya kudhibiti uchafuzi alifia mjini humo akidai maji yaachwe yatiririke, na mpaka leo tunabishana kuhusu mikahawa.

Kibakuli cha yule mama huelea kuelekea Pashulok, kilomita chache tu chini ya ashramu. Hapo pana kizuizi cha zege, na maji huelekezwa kwenye mfereji kwenda kuzungusha mashine za umeme za Chilla, megawati 144. Yanayosalia ndiyo yanayoendelea kushuka kwenye mkondo wa zamani wa mto.