Mmemwaga saruji uani, halafu mnamlaumu paka

Jirani yangu hapa Ngamiani amemtia paka na wanawe kwenye kiroba, akampa kijana wa bodaboda akawatupe kule soko la samaki, Deep Sea. Kosa lao? Mmoja kakojolea mswala. Akanieleza bila haya: "Shoga, paka wa siku hizi hawana adabu." Nikautazama ua wake. Saruji ukuta hadi ukuta, na pasipo saruji pana vigae.

Paka wa siku hizi! Paka ni yuleyule. Asili yake ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu, na kuchimba na kufukia hakufundishwa na mtu. Kwa bibi zetu ua ulikuwa mchanga mtupu, mlimau pembeni. Paka alikwenda huko, akamaliza haja zake, akafukia, na hakuna aliyewahi kulijadili jambo hilo barazani. Kilichobadilika ni ua. Umemziba choo chake, hukumpa kingine, naye akatafuta kitu laini cha kukwaruza. Mswala ni laini. Godoro ni laini. Lundo la mchanga la anayejenga mtaa wa pili ni laini zaidi, ndiyo maana mafundi nao wanalia.

Najua mkojo wake ni najisi na mswala lazima uoshwe. Sibishani na hilo. Ninachobishania ni kiroba.

Choo cha paka si anasa ya wazungu. Ni chombo na mchanga, basi. Paka mzima anataka chombo chenye urefu wa kama mara moja na nusu ya mwili wake, mkia usiuhesabu, ili ageuke bila kujipaka. Dumu la lita 20 lililolazwa na kukatwa ubavu litawafaa watoto tu. Mkubwa mtafutie beseni la kufulia. Mchanga uwe mkavu, uliochekechwa, wa kina cha vidole vitatu hivi. Maranda ya seremala yanafaa pia, ila yatatembea nyumba nzima. Ule wa dukani unaoganda ukilowa usiwape watoto wachanga, kwa sababu wanaula. Usiweke karibu na sahani yake ya chakula. Wenye paka wengi, weka vyoo kwa idadi yao na kimoja cha ziada.

Sasa tuje kwenye usafi, maana hapa ndipo adabu ya watu inapoonekana. Mtu anaweka beseni Ijumaa, analikumbuka Ijumaa nyingine, kisha anashangaa paka kahamia kwenye kochi. Wewe ungeingia? Kinyesi kinatolewa kila siku, na mchanga uliolowa nao unachotwa, kwa sababu mchanga wetu haugandi. Mkojo unazama chini na kukaa huko unanuka. Kila wiki mwaga wote, osha beseni kwa sabuni na maji ya moto, anika juani. Klorini hapana: ikikutana na mkojo inatoa hewa ya kukuchoma kifua. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe ni sumu kwa paka, ambaye anajilamba miguu kutwa.

Halafu kuna hili la wajawazito, ambalo linanikera kuliko yote. Shangazi akisikia mimba tu, paka atoke! Ugonjwa upo, toksoplasma, sikatai. Lakini vimelea kwenye kinyesi huchukua angalau siku nzima kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo choo kinachosafishwa kila asubuhi kimeshapunguza hatari hiyo kwa sehemu kubwa. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa zinaleta ugonjwa huohuo, na sijasikia mtu akiufukuza mshikaki. Mjamzito asishike beseni. Mume yupo, mikono anayo, avae glovu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna shume ambao hata uwape choo cha dhahabu watanyunyizia ukuta. Huyo anaweka mipaka yake, hana haja ya choo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akahasiwe, wengi huacha. Lakini dume anayejikamua chooni na mkojo hautoki, mkimbize siku hiyohiyo. Njia ikiziba anakufa.

Mtaniuliza beseni la nini wakati maisha magumu. Kila nyumba Tanga hii ina beseni lililokatika mdomo, limetupwa nyuma ya choo. Lioshe, sugua makali ya pale lilipokatika yasikate mtu, tia mchanga. Pale palipokatika ndipo mlango wa watoto, hawataweza kuruka ukingo mzima hadi wakue.