Wahafidhina wa Kiyahudi wa Marekani: tuanze na ada ya shule, Israel baadaye

Kiryas Joel ni mji mdogo kaskazini mwa jiji la New York, katika kaunti ya Orange. Wakazi wake karibu wote ni Wahasidi, yaani Wayahudi washika dini sana, wa kundi la Satmar, watu wanaozungumza Kiyidishi nyumbani, waliohamia huko miaka ya 1970 kutoka Brooklyn wakimfuata kiongozi wao, Rabi Joel Teitelbaum. Rabi huyo alifundisha mpaka anafariki mwaka 1979 kwamba kuunda dola ya Kiyahudi kabla ya kuja kwa Masihi ni dhambi. Wafuasi wake hawasherehekei uhuru wa Israel wala hawaliombei jeshi lake. Na mwaka 2020 mji huo ulimpa Donald Trump karibu kura zote.

Vijiweni kwetu, na hata katika safu za magazeti, Myahudi mhafidhina wa Marekani huelezwa kwa neno moja tu: Israel. Alitaka ubalozi wa Marekani nchini Israel uhamie Jerusalem, anataka Iran ipigwe, basi. Kama hesabu ingekuwa hiyo peke yake, watu wa Satmar wasingekuwa na cha kufuata kwa Trump.

Wayahudi wa Marekani kwa ujumla ni watu wa chama cha Democratic, tena tangu enzi za Franklin Roosevelt. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti wa maoni cha Marekani, wa mwaka 2020 ulikuta kama saba kati ya kumi wanaegemea huko. Mwandishi Milton Himmelfarb aliwahi kutania kwamba Wayahudi wanachuma kama Waepiskopali, Wakristo wenye mali, na kupiga kura kama Wapuerto Rico, watu wa kipato cha chini. Lakini utafiti huohuo ulikuta Waorthodoksi, yaani wanaoshika Torati na Sabato kwa ukamilifu, wako upande wa pili kabisa: asilimia 75 wanaegemea Republican, wakati mwaka 2013 walikuwa asilimia 57.

Msomaji atasema Waorthodoksi ni wachache, asilimia 9 tu ya Wayahudi wazima. Ni kweli, ila kuna takwimu nyingine humohumo ambayo sioni ikijadiliwa inavyostahili. Kwa Wayahudi wenye miaka 65 na kuendelea, Waorthodoksi ni asilimia 3. Kwa wenye miaka 18 hadi 29, ni asilimia 17. Mwanamke au mwanamume wa Kiorthodoksi ana wastani wa watoto 3.3, asiye Mworthodoksi ana 1.4. Kati ya wasio Waorthodoksi waliofunga ndoa kuanzia mwaka 2010, asilimia 72 wameoa au kuolewa na mtu asiye Myahudi. Ukitaka kuelewa kwa nini mhafidhina wa Kiyahudi ana ujasiri mkubwa kuliko idadi yake, anza na namba hizi. Yeye haoni kwamba anashindwa hoja na ndugu zake waliberali. Anaona kwamba baada ya vizazi viwili au vitatu, wa kubishana naye watakuwa wamepungua sana.

Hesabu hiyo ina kasoro yake, na wahafidhina hupenda kuiruka. Kati ya waliolelewa katika Uorthodoksi, ni theluthi mbili tu waliobaki humo. Tena katika kundi hilohilo la vijana wa miaka 18 hadi 29, asilimia 40 wanajitaja kuwa Wayahudi wasio na dini. Kwa hiyo wanaokua ni wa kingo mbili, na wa katikati ndio wanaokwisha. Hata hivyo hofu ya mhafidhina inabaki palepale: je, wajukuu wangu watakuwa Wayahudi? Misimamo yake mingi ya ndani ya nchi, ukiifuatilia hadi mzizi, inafika kwenye swali hilo. Na jibu lake ni shule.

Turudi Kiryas Joel. Watoto wa huko husoma shule za dini za binafsi. Lakini mji ulikuwa na watoto wenye ulemavu, wakiwamo viziwi na wenye ugumu wa kujifunza, waliohitaji walimu maalumu ambao kwa sheria serikali inapaswa kuwagharamia. Kwa muda walimu hao walikuwa wakiwafuata watoto kwenye jengo lililopakana na shule ya dini. Mwaka 1985, katika kesi ya Aguilar dhidi ya Felton, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mwalimu anayelipwa na umma asifundishe ndani ya shule ya dini. Huduma ikakoma. Wazazi wakaambiwa wawapeleke watoto katika shule za umma za jirani. Hebu fikiri: mtoto mwenye ulemavu, mavazi yake ya Kihasidi, Kiyidishi kinywani, anaingia darasa asilolielewa na lisilomwelewa. Kumbukumbu za mahakama zinataja hofu na kiwewe walichopata. Kufikia mwaka 1989 alikuwa amebaki mtoto mmoja tu wa Kiryas Joel katika shule hizo. Wengine walihudumiwa kwa pesa za jamii au walikaa bila huduma.

Mwaka huohuo bunge la jimbo la New York likatunga sheria ya kuupa mji wilaya yake ya elimu. Shule iliyofunguliwa haikufundisha dini, na wavulana walikaa na wasichana, jambo ambalo Wahasidi hawalifanyi katika shule zao wenyewe. Juni 1994 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3, ikisema jimbo limekabidhi mamlaka ya umma kwa kundi la dini. Miaka mitatu baadaye mahakama hiyohiyo ikaitengua hukumu yake ya 1985, ile iliyoanzisha tatizo lote.

Kwa mhafidhina wa Kiyahudi, hadithi hii inabeba kila kitu. Ukuta wa kutenganisha dini na serikali, uliojengwa kwa nia ya kuwalinda wachache, ulimwangukia mtoto kiziwi wa jamii ya wachache. Nakiri hoja hii inanishawishi kuliko zote walizonazo. Hukumu ilikuwa safi kwenye karatasi. Darasani iliacha viti vitupu.

Ukitoka kwa Wahasidi ukaenda kwa Waorthodoksi wa kisasa wa New Jersey, madaktari na wanasheria, hoja ni hiyohiyo ila imevaa suti. Shule zao nyingi hutoza zaidi ya dola 20,000 kwa mtoto kwa mwaka. Mwenye watoto wanne anatoa zaidi ya dola 80,000, fedha iliyokwisha kukatwa kodi, na bado analipa kodi ya nyumba inayoendesha shule za umma ambazo watoto wake hawatatia mguu. Mtu huyu akisikia chama kimoja kinasema vocha za shule, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto ada ya shule ya binafsi, ni haki ya mzazi, na kingine kinasema ni wizi wa fedha za umma, hahitaji Netanyahu wa kumshawishi. Ndiyo maana Agudath Israel, jumuiya iliyoanza kazi Marekani mwaka 1922, na Orthodox Union, umoja wa masinagogi ya Kiorthodoksi, wamekuwa bega kwa bega na Wakatoliki tangu kesi ya vocha za Cleveland mwaka 2002 hadi ile ya Maine mwaka 2022, ambapo mahakama ilisema jimbo likigharamia shule za binafsi lisizibague za dini.

Waliberali nao hawakujenga ukuta ule kwa chuki ya dini. Wakili wa American Jewish Congress, Leo Pfeffer, aliyeutetea mahakamani kwa miongo kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili, alijua hali ya Myahudi katika nchi ya Wakristo: mtoto anaanza siku darasani kwa sala isiyo yake, na akikaa kimya ananyooshewa kidole. Waliberali wanauliza: Wakristo walio wengi wakishika serikali wakiwa na mlango wazi wa kuingiza dini shuleni, nani ataumia kwanza? Swali hilo lina uzito, hasa sasa ambapo Louisiana imeamuru Amri Kumi zibandikwe madarasani.

Kuna jambo jingine linalowabana wahafidhina zaidi. Baadhi ya wavulana wa shule za Kihasidi za New York humaliza masomo wakijua Talmud, kitabu kikuu cha sheria za Kiyahudi, kwa kina lakini Kiingereza na hesabu kidogo mno. Waliolalamika ni wahitimu wenyewe. Mwaka 2022 jimbo lilipitisha kanuni za kuzitaka shule hizo zitoe elimu inayolingana na ya shule za umma, na viongozi wa Kihasidi wakapinga kwa nguvu. Hapa nadhani wamekosea. Haki ya mzazi kumlea mtoto katika imani yake haijumuishi haki ya kumfungia milango yote mingine.

Na wasichukuliwe kuwa nakala ya Wakristo wa kiinjili. Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba mwaka 2022, Orthodox Union ilisema haiwezi kuomboleza wala kushangilia. Sheria ya Kiyahudi haipendi utoaji mimba, lakini maisha ya mama yakiwa hatarini inaulazimisha.

Sasa mambo ya nje, ambako ndiko wengi wetu huanzia. Shule ya fikra ya huko ina asili yake katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1972 Moscow ilianza kuwatoza Wayahudi waliotaka kuhama gharama ya elimu yao. Seneta Henry Jackson, ambaye alikuwa wa Democratic, akaongoza sheria ya kuinyima Urusi nafuu ya biashara mpaka iwaachie. Nixon na Kissinger waliipinga wakitaka mazungumzo ya chinichini. Ilipita, ikatiwa saini Januari 1975. Wahafidhina wa Kiyahudi walijifunza hapo kwamba dikteta haheshimu tabasamu, anaheshimu bei. Wanachosahau kusema ni kwamba mara baada ya sheria hiyo idadi ya walioruhusiwa kuondoka ilishuka.

Somo hilo walilipeleka hadi Tehran. Mkataba wa nyuklia wa mwaka 2015 uliizuia Iran kurutubisha urani kupita asilimia 3.67 na kuwa na akiba zaidi ya kilo 300. Wao wakasema: vizuizi hivi vina tarehe ya mwisho, havigusi makombora, na fedha zitakazofunguliwa zitafika kwa Hezbollah. Kila kipengele cha hoja hiyo kilikuwa na ukweli. Trump akajitoa Mei 2018. Kufikia 2021 Iran ilikuwa ikirutubisha kwa asilimia 60, karibu na kiwango cha bomu, na Juni 2025 ndege za Marekani zikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Mhafidhina anaita hilo uthibitisho kwamba nguvu ndiyo lugha pekee. Mimi naona sera iliyoanza kwa kulalamika kwamba asilimia 3.67 haitoshi kuleta usalama, ikaishia kwenye mabomu kwa sababu ya asilimia 60.

Kuhusu Wapalestina, upofu ni mkubwa zaidi. Sheria ya kuhamisha ubalozi ilikuwepo tangu 1995 na marais watatu waliiahirisha. Wahafidhina wanasema kwa haki kabisa kwamba moto mkubwa uliotabiriwa nchi za Kiarabu haukuwaka, na kwamba mwaka 2020 Falme za Kiarabu na Bahrain zilitia saini makubaliano na Israel. Lakini siku ile ya kufungua ubalozi, 14 Mei 2018, Wapalestina wapatao 60 waliuawa kwenye uzio wa Gaza, na wapigapicha walionyesha matukio hayo mawili kwa wakati mmoja. Kuyasogeza pembeni madai yao hakukuyamaliza. Oktoba 7, 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa Israel, wakiwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, kisha Gaza ikapoteza makumi ya maelfu.

Nyumbani pia bei ya urafiki na mrengo wa kulia inapanda. Aliyeua watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh mwaka 2018 alichukia shirika la Kiyahudi linalosaidia wakimbizi. Mhafidhina atajibu kwamba walioshambulia duka la Kiyahudi Jersey City mwaka uliofuata hawakutoka kulia, na kwamba vyuo vikuu viliwaacha wanafunzi wa Kiyahudi wapambane wenyewe. Ndiyo, ila serikali inapokata dola milioni 400 za Chuo Kikuu cha Columbia kwa jina la kuwalinda Wayahudi, kama ilivyofanya Machi 2025, Wayahudi ndio wanaobaki wakitazamwa vibaya na mtafiti aliyepoteza mradi wake.

Kwa wapigakura wa Kiryas Joel na New Jersey, hata hivyo, jambo lililo mezani ni karibu zaidi. Sheria ya kodi ya Julai 2025 inampa mlipakodi nafuu ya hadi dola 1,700 akichangia mifuko ya ufadhili wa masomo, hata katika shule za dini, kuanzia 2027. Inafanya kazi tu katika jimbo lililokubali kujiunga. New York na New Jersey, wanakoishi Waorthodoksi wengi mno, zote zina magavana wa Democratic. Magavana hao wana nafasi ya kukirudishia chama chao wapigakura waliokwisha kuhesabiwa kuwa wamepotea, au kuwaachia Republican waendelee kuwa chama pekee kinachozungumzia ada.