Huria si Bure: Miaka ya Werner Koch na GnuPG

Mwaka 1997 Richard Stallman, mwasisi wa vuguvugu la programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha), alihutubia nchini Ujerumani akawasihi wanaprogramu wa Ulaya waandike mbadala wa PGP, programu ya kusimba ujumbe ili asiyehusika asiweze kuusoma. Wamarekani wenyewe walikuwa wamefungwa mikono na sheria za nchi yao kuhusu kuuza teknolojia hiyo nje. Werner Koch alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Alianza kuandika, na mwaka 1999 mbadala huo, GnuPG, ukatoka katika toleo la 1.0. Hajaiacha mpaka leo.

Wanaoutetea mwendo huu wa programu huria wana cha kuonyesha. Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyefichua upelelezi wa siri wa serikali ya Marekani, aliwasiliana na waandishi wa habari kwa zana hii. Debian nayo, mmoja wa mifumo ya Linux ya kuendesha kompyuta, imeitumia kwa miaka mingi kuthibitisha kwamba programu unazopakua hazijachezewa njiani. Na kwa kuwa msimbo uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuukagua. Hilo ni jambo kubwa, na mimi nalithamini kuliko sifa nyingine yoyote ya kazi hii.

Lakini tumtazame mtu mwenyewe. Tangu 2001, alipoanzisha kampuni yake ya g10 Code, hadi mwanzoni mwa 2015, kipato chake kilikuwa wastani wa dola 25,000 hivi kwa mwaka. Alikaribia kuacha, habari za Snowden ndizo zilizomrudisha kazini. Februari 2015 ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, kilipoandika hali yake, michango ikamiminika: Facebook na Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ziliahidi dola 50,000 kila moja kwa mwaka. Nafurahi kwamba alisaidiwa, ila inaniuma kwamba ilibidi shida yake itangazwe kwanza. Kiswahili kinatenganisha vizuri huria na bure, lakini watumiaji wengi tunaishi kana kwamba ni neno moja.

Ufumbuzi ulikuja kwa njia ya biashara. Mwanzoni mwa 2022 Koch alitangaza kwamba hahitaji tena michango, kwa sababu g10 Code inauza GnuPG VS-Desktop, toleo lililoidhinishwa kulinda nyaraka za siri za ngazi ya chini za serikali ya Ujerumani. Msimbo umebaki huria. Mtu anaweza kuuliza ni mahitaji ya nani yatakayotangulia pale mteja mkubwa anapokuwa serikali, na swali hilo ni halali. Hata hivyo naona mshahara wa uhakika ni salama kuliko huruma ya msimu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba njia hiyo ni ya wachache. Machi 2024 iligunduliwa kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepenyezewa njia ya siri ya kuvamia kompyuta. Mhusika alijitokeza kama msaidizi, akachapa kazi kwa takriban miaka miwili, hadi akaaminiwa na mtunzaji aliyeelemewa, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo. Na xz haina toleo ambalo wizara yoyote ingeona haja ya kulinunua.