Walitolewa Handakini, Lakini Je, Walipumzika?

Picha tuliyozoea ya Vita ya Kwanza ya Dunia ni ya askari aliyezama kwenye tope la handaki miaka minne mfululizo. Haikuwa hivyo. Jeshi la Uingereza huko Ufaransa na Ubelgiji lilikuwa na zamu: batalioni inakaa mstari wa mbele siku chache, inarudi mahandaki ya akiba, kisha inapelekwa vijijini huko nyuma, kwenye kile walichokiita mapumziko. Wapo wanaosema zamu hizo ndizo zilizolinusuru jeshi lisisambaratike. Wengine wanasema mapumziko yalikuwa jina tu.

Hao wa pili wana hoja nzito. Aliyepita JKT anaijua fatiki, zile kazi za sulubu za jeshini. Usiku, watu waliokuwa "mapumzikoni" walipangwa vikundi, wakarudi mbele gizani wamebeba seng'enge, mbao na masanduku ya risasi. Mchana ni kwata na ukaguzi wa vifungo. Hata kuoga kulikuwa na kejeli yake. Mapipa makubwa ya viwanda vya bia yalijazwa maji ya moto, watu wakaingia kwa makundi, wakitoka wanapewa shati safi. Ila mayai ya chawa yalibaki yamejificha kwenye mishono ya nguo, yakisubiri joto la mwili ili yaanguliwe. Ndiyo maana utamkuta askari ameketi na mshumaa, suruali mapajani, akipitisha mwali taratibu kwenye mshono na kusikiliza yanavyopasuka. Baada ya siku moja mbili anajikuna tena.

Hata hivyo, siwezi kuyafuta mapumziko yale kwa hoja hiyo peke yake. Chukua Poperinge, mji wa Ubelgiji ulio kilomita kama 12 kutoka Ypres, mji uliokuwa jirani na mstari wa mbele. Vilabu vyake vya mvinyo viliuza mayai ya kukaanga na chipsi (siyo zege letu, yai lilikaa kando), na askari aliyeshindia nyama ya kopo na biskuti ngumu aliona hiyo ni karamu. Desemba 1915 kasisi Philip Clayton alifungua hapo Talbot House, nyumba yenye bustani, vitabu na kanisa dogo darini, ambalo altare yake ilikuwa meza ya seremala. Anayeingia aliacha cheo chake mlangoni. Kapteni na kuruta walikunywa chai pamoja, na hakuna aliyepigiwa saluti. Mizinga ya Wajerumani iliweza kuufikia mji huo, lakini watu walimiminika.

Nadhani jibu liko hapo mlangoni. Kukaa mbali na risasi peke yake hakukutosha. Mtu alihitaji pia kuwa mbali na amri, japo kwa saa chache. Septemba 1917, maasi makubwa ya Waingereza yalizuka Étaples, kambi ya pwani iliyo mbali kabisa na mahandaki, ambako hata waliotoka hospitali waliendeshwa mchakamchaka kama makuruta wapya. Hapakuwa na adui pale. Palikuwa na wakufunzi na polisi wa jeshi.

Wafaransa walikuwa wameshalipa gharama yao miezi michache kabla. Baada ya shambulio la Aprili 1917 kushindwa, karibu nusu ya divisheni zao ziliguswa na mgomo. Wengi walikubali kuyalinda mahandaki ila si kushambulia tena, na katika madai yao likizo ilikuwa juu kabisa. Jenerali Pétain, aliyekabidhiwa jeshi la Ufaransa mwezi Mei, aliwafikisha viongozi wa mgomo mahakamani. Mamia walihukumiwa kifo ingawa wengi walisamehewa. Papo hapo akaboresha chakula na kuhakikisha kila askari anapata siku 7 za likizo kila miezi minne. Jeshi likatulia.

Kwa Waingereza, likizo ilibaki mali ya wenye vyeo. Ofisa alikwenda nyumbani kila baada ya miezi kadhaa. Askari wa kawaida angeweza kusubiri zaidi ya mwaka mzima apate siku kama kumi, na wengi waliuawa zamu yao haijafika.